Simu inaona mitandao chungu nzima, laptopu yenye Linux haioni kitu: kosa liko wapi?

Swali

Habari za kazi, mtaalamu. Nina laptopu ya zamani kidogo, nimeweka Linux Mint pembeni ya Windows. Kwenye Windows, Wi-Fi haina shida. Nikiingia Mint, orodha ya mitandao huwa tupu, au unajitokeza mtandao wetu peke yake, tena mpaka nikae kando ya ruta. Simu yangu palepale inaona mitandao chungu nzima. Ruta yetu ina majina mawili, na lile linaloishia na 5G sijawahi kuliona kwenye Mint. Halafu zipo siku nazima Windows, nawasha Mint, alama ya Wi-Fi haipo kabisa. Nimebadilisha distro (aina ya Linux), nimeweka draiva (programu ya kuendesha kadi) ya Broadcom kama nilivyoelekezwa, hali ni ileile. Amri ya rfkill inasema hakuna kilichozuiwa. Amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya ndani, inanionyesha kadi ya Wi-Fi RTL8723BE [10ec:b723], na draiva inayotumika ni rtl8723be. Nifanyeje? Au Linux haiendani na mashine hii?

Jibu

Ndugu yangu, umefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawalifanyi: umeleta jina la kadi pamoja na namba zake. Bila mstari huo wa lspci ningekuwa nabahatisha, kama walivyobahatisha waliokupeleka kwenye Broadcom. Kwa mstari huo naweza kukuambia mapema kwamba huna tatizo moja. Unayo matatu, kila moja lina chanzo chake, na yamekutana kwenye mashine moja. Ndiyo maana kila dawa uliyojaribu ilionekana haifai. Hata ukiponya moja, mawili yaliyobaki yanakufanya uamini hujaponya kitu.

Kwanza tuondoe uchafu. Namba nne za mwanzo ndani ya mabano ya mraba humtaja aliyetengeneza chipu: 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 168c ni Atheros ambayo sasa ni ya Qualcomm, 14c3 ni MediaTek. Draiva ya Broadcom kwenye kadi ya Realtek haina kazi yoyote. Haijakuharibia kitu, lakini itakusumbua kila kerneli mpya (kiini cha Linux) inapoingia, kwa sababu hujengwa upya kila mara, na siku ujenzi ukikwama utaona ujumbe wa kutisha katikati ya kusasisha. Iondoe:

    sudo apt purge bcmwl-kernel-source

Kisha chungulia folda ya /etc/modprobe.d. Ukikuta humo faili uliloliandika mwenyewe kwa kufuata maelekezo ya watu, lisome. Mstari wowote unaoanza na "blacklist" na kuitaja rtl8723be au rtlwifi ni wa kufutwa. Mistari mingine iliyokuja na mfumo iache.

Na usibadilishe distro tena. Draiva ya kadi yako imo ndani ya kerneli, na kerneli ni ileile karibu kila uendako. Kuhama Mint kwenda Fedora kwa ajili ya kadi hii ni kubadilisha mapazia.

Alama ya Wi-Fi inapotoweka kabisa

Umesema inatokea ukitoka Windows. Hicho ndicho kidokezo chenyewe. Tangu Windows 8, ukibonyeza kuzima, kompyuta haizimiki kikamilifu. Windows inawafunga watumiaji, inahifadhi kiini chake kwenye diski, na kinachofuata ni usingizi mzito, si kuzima. Wameiita Fast Startup, na lengo lake ni kuwaka haraka asubuhi. Hatari yake ni kwamba vifaa kama kadi ya Wi-Fi vinaweza kuachwa katika hali ambayo Windows inajua namna ya kuvitoa, na Linux haijui. Linux inakuja, inabisha hodi, kadi haijibu.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi. Ukiwa Windows, chagua kuwasha upya badala ya kuzima, kisha uingie Mint. Kuwasha upya hakupitii njia hiyo ya mkato. Kama ukifanya hivyo alama huwa ipo, na ukizima huwa inapotea, umeshampata mhusika. Fungua terminali ya Windows kwa mamlaka ya msimamizi uandike:

    powercfg /h off

Amri hii huondoa Fast Startup pamoja na usingizi wa kuhifadhi kwenye diski. Kuna faida nyingine ambayo huenda hukuitarajia: kama umewahi kuona Mint ikikataa kuandika kwenye sehemu ya Windows na kukuruhusu kusoma tu, sababu mara nyingi ni hiyohiyo.

Ikitokea alama imepotea tena hata baada ya hapo, kabla hujawasha upya, andika lspci -nnk na utafute kadi yako. Ikiwa haipo kwenye orodha hiyo, hakuna draiva wala mpangilio utakaokusaidia, maana mashine yenyewe haioni kadi. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisha vyote. Kama kadi bado haionekani, ingia kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya msingi ya mashine inayotangulia mfumo) uone kama Wi-Fi imezimwa humo, na baada ya hapo ndipo ushuku kwamba kadi imelegea kwenye tundu lake.

Kuona mtandao mpaka ukae kando ya ruta

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo palipokutesa zaidi. Chipu ya RTL8723BE inabeba Wi-Fi na Bluetooth pamoja, na kadi yake ina sehemu za kuunganishia nyaya za antena. Watengenezaji kadhaa wa laptopu, kwa kubana gharama, waliweka waya mmoja tu. Hilo peke yake si kosa. Antena moja inatosha kwa kadi hii. Kosa ni kwamba kwenye baadhi ya mashine, kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya kadi iliandikwa kana kwamba waya umechomekwa upande wa pili. Draiva ya Linux inaisoma kumbukumbu hiyo, inaiamini, na inasikiliza kupitia tundu lisilo na waya.

Kadi isiyo na antena haiwi kiziwi kabisa. Chuma kidogo kilichopo kwenye tundu kinanasa mawimbi yenye nguvu sana, ndiyo maana ukikaa kando ya ruta unaona kitu. Ukisogea, kimya. Kwenye Windows hulioni tatizo kwa sababu draiva ya Windows kwenye mashine hizo hufanya kazi na waya ulivyochomekwa.

Waliotunza draiva hii kwenye kerneli walilijua jambo hilo, wakaongeza kigezo kinachoitwa ant_sel. Thamani yake ya kawaida ni 0, yaani iamini kumbukumbu ya kadi. Ukiweka 1 au 2 unailazimisha itumie antena unayoitaja. Hakikisha kigezo kipo:

    modinfo rtl8723be | grep ant_sel

Sasa pima kabla ya kubadilisha chochote. Kaa mahali pamoja, hatua kadhaa kutoka kwenye ruta, na usihame mpaka umalize, la sivyo namba zako hazitakuwa na maana. Andika iw dev upate jina la kadi; huenda ni wlp2s0 au wlan0. Kisha:

    sudo iw dev wlp2s0 scan | grep -E "SSID|freq|signal"

Utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kati ya -30 na -50 ni nzuri sana, kwenye -67 bado unaweza kupiga simu ya video bila kukwama, kwenye -80 unaanza kuhangaika, na karibu na -90 mtandao hujitokeza na kutoweka. Kumbuka pia kwamba kipimo hiki hakiendi kwa kujumlisha: tofauti ya 10 ni mara kumi ya nguvu, tofauti ya 20 ni mara mia. Andika pembeni namba unayoipata.

Kisha itoe draiva na uirudishe ikiwa na antena ya pili:

    sudo modprobe -r rtl8723be
    sudo modprobe rtl8723be ant_sel=2

Subiri kidogo, rudia kupima. Rudia tena kwa ant_sel=1. Kama nilivyolielewa tatizo lako, moja kati ya hizo mbili itakupa namba ileile mbovu, na nyingine itapanda kwa 20 au zaidi, na orodha itajaa majina ya majirani. Usikubali ushauri wa mtu anayekuambia moja kwa moja kwamba ni 2 au ni 1. Inategemea waya umechomekwa wapi kwenye mashine yako, na mashine zinatofautiana hata zikiwa na kadi moja.

Ukishajua thamani sahihi, iandike ili ibaki hata ukizima. Tuseme ni 2:

    echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Washa upya, kisha hakikisha imeshika:

    cat /sys/module/rtl8723be/parameters/ant_sel

Ikikujibu 2, umemaliza. Ikikujibu 0, faili halikusomwa: angalia herufi, na angalia kwamba jina la faili linaishia na .conf, maana faili lisilo na mwisho huo halisomwi.

Kuna watakaokuambia ufungue laptopu uhamishe waya kwenda tundu la pili. Kwa Linux itafanya kazi. Lakini Windows yako, ambayo leo iko salama, inaweza kubaki na ugonjwa ambao Mint ilikuwa nao, na vichwa vya nyaya zile ni vidogo mno, vinakatika kwa kuvutwa vibaya mara moja. Mstari mmoja wa maandishi unatosha. Bisibisi iache mahali pake.

Baada ya kurekebisha antena, kama mtandao unaonekana vizuri lakini unakatikakatika, mshukiwa anayefuata ni uokoaji wa umeme. Kadi hii inasinzia haraka na wakati mwingine inachelewa kuamka. Ongeza kwenye mstari uleule wa options maneno fwlps=0 ips=0, uwashe upya. Betri itaisha mapema kidogo. Usiyaongeze kama huna shida hiyo.

Jina linaloishia na 5G

Hili ndilo fupi, na jibu lake halitakufurahisha. Kadi ya RTL8723BE inasikia masafa ya GHz 2.4 tu. Ile 5G ya kwenye jina la ruta inamaanisha GHz 5, na kadi yako haina masikio ya huko. Jaribu kuangalia ukiwa Windows: nina hakika hata huko hulioni, ila hukuwahi kulitafuta kwa sababu jina la kwanza lilikuwa linafanya kazi. Mint itakuthibitishia:

    iw list | grep "Band"

Ukiona Band 1 peke yake, ni GHz 2.4 tu. Kadi inayofika GHz 5 huonyesha pia Band 2, na zile mpya zinazofika GHz 6 huonyesha Band 4.

Kwa kuvinjari, barua pepe na video za kawaida, GHz 2.4 inakutosha, na hupenya kuta vizuri kuliko GHz 5. Ukiona lazima upate GHz 5, una njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kadi ya ndani, lakini fungua macho: baadhi ya laptopu zina BIOS inayokataa kuwaka ikikuta kadi isiyomo kwenye orodha yake. Kadi za Intel aina ya AX201 na AX211 nazo zinaingia vizuri kwenye tundu la M.2 lakini hazifanyi kazi ila kwenye mashine zenye chipu za Intel zilizotengenezwa kwa ajili yake, kwa hiyo laptopu ya umri wa yako haitaziona kabisa. AX200 na AX210 hazina sharti hilo. Na kumbuka kwamba laptopu yako huenda ina waya mmoja wa antena. Kadi mpya yenye matundu mawili itatumia nusu ya uwezo wake.

Njia ya pili ni kadi ya USB, na hapa watu wanapoteza fedha ovyo. Jina lililoandikwa kwenye boksi halikuambii chipu iliyomo. Kampuni hubadilisha chipu katikati ya toleo na kuacha jina lilelile, kwa hiyo sifa uliyoisoma kuhusu kadi fulani huenda inahusu chipu nyingine kabisa. Tafuta chipu kwanza, kadi baadaye. Chipu ya MT7612U, kwa mfano, ina draiva yake ndani ya kerneli, unachomeka unaendelea. Chipu inayokutaka upakue draiva kutoka kwa mtu binafsi na kuijenga mwenyewe iepuke kama unaweza. Itafanya kazi leo. Siku kerneli ikisasishwa, utabaki bila mtandao wa kupakulia draiva nyingine.

Kuna jambo dogo linalofanana na hili. Hata ndani ya GHz 2.4, ruta ikijichagulia chaneli ya 12 au 13, kadi iliyopangiwa kanuni za Marekani haitauona mtandao huo, kwa sababu kanuni hizo huishia chaneli ya 11. Simu inaweza kuuona bila shida. Kama baada ya kurekebisha antena mtandao wenu unaonekana siku moja na kupotea siku nyingine, ingia kwenye ruta uifungie chaneli ya 1, 6 au 11, iache kujichagulia.

Kwa wasomaji wenye kadi nyingine

Najua wengi mtasoma haya mkiwa na mashine tofauti, kwa hiyo niseme jinsi ninavyotafuta mahali palipokatika. Mtandao hauonekani mpaka mambo kadhaa yafuatane: mashine ione kadi, draiva iishike, redio iwe wazi, programu ya kusimamia mitandao iimiliki, na kadi iweze kusikia masafa yanayotumika. Nenda kwa mpangilio huo, na usiruke.

Anza na lspci -nnk, au lsusb kama kadi ni ya USB. Kadi ikionekana lakini mstari wa "Kernel driver in use" haupo, draiva haijaishika. Soma sababu:

    sudo dmesg | grep -iE "firmware|wifi|wlan|iwl|rtw|ath|brcm|mt7"

Kwa kadi za Intel, kilio cha kawaida ni kukosekana kwa faili la iwlwifi. Hiyo ni programu ndogo ambayo kerneli huipakia ndani ya kadi kila inapowaka, na bila hiyo kadi ni kipande cha plastiki. Debian kwa miaka mingi haikuiweka kwenye diski zake za kusimika kwa sababu si programu huria. Toleo la 12 lililotoka 2023 ndilo lililoanza kuijumuisha. Mwenye Debian ya zamani aweke kifurushi cha firmware-iwlwifi, na mwenye Realtek aweke firmware-realtek. Kwa kadi mpya sana tatizo huwa ni umri wa kerneli: RTL8852BE, kwa mfano, haina draiva kwenye kerneli ya mwaka 2020, hata ukeshe. Weka kerneli mpya.

Broadcom ndiyo yenye fitina. BCM43142 na BCM4360 zinahitaji draiva iitwayo wl, ambayo hujengwa upya kila kerneli. Ikikataa kupakiwa na ukaona maneno "Key was rejected by service", Secure Boot imeizuia kwa kuwa haina saini. Ama uisajili saini yake wakati wa kuwasha, ama uzime Secure Boot kwenye BIOS.

Mtauliza, draiva ipakuliwe vipi wakati mtandao ndio uliokosekana? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye simu, na Linux itaiona kama mtandao wa waya bila kuweka kitu. Sijui kwa nini maelekezo mengi hayaanzi na hapo.

Redio ikiwa imezuiwa, rfkill list itaonyesha. "Soft blocked: yes" ni kizuizi cha programu, sudo rfkill unblock wifi inakiondoa. "Hard blocked: yes" ni swichi au kitufe cha laptopu, na hakuna amri inayoifungua. Hata hivyo, kuna mashine ambazo moduli ya mtengenezaji, kama ideapad_laptop kwenye baadhi ya Lenovo za zamani, hudanganya kwamba swichi imezimwa ilhali laptopu haina swichi. Itoe kwa sudo modprobe -r ideapad_laptop uone kama neno "yes" linageuka "no".

Mwisho, nmcli device. Kadi ikiandikwa "unmanaged", NetworkManager imeambiwa isiiguse, mara nyingi kwa sababu kadi imetajwa ndani ya /etc/network/interfaces; futa mistari yake humo, ila ile ya lo iache. Ikiandikwa "unavailable" ilhali rfkill iko safi, angalia kama wpa_supplicant (programu inayoiunganisha kadi na mtandao wa Wi-Fi) imesimikwa na inafanya kazi.

Nikurudie wewe uliyeuliza. Anza na Windows, kisha antena, na usifanye vyote kwa siku moja, ili ujue kipi kimeleta mabadiliko gani. Ukikwama, niandikie ukiwa na vitu hivi: namba za signal kwa ant_sel 0, 1 na 2 ukiwa umekaa mahali pamoja, jibu la uname -r (toleo la kerneli), na dmesg (ujumbe wa kerneli) ya mara moja tu baada ya kuwasha siku ambayo alama ya Wi-Fi imepotea.